Macho ya Bwana Afya

Mwezi uliopita nilikwenda Tabora kumzika wifi yangu Chausiku. Namwita wifi ingawa kaka yake alinioa kwa miezi saba tu, akafa, na baada yake nimekuwa mke wa mtu mwingine kwa miaka arobaini na zaidi. Chausiku hakuwahi kuyatambua mabadiliko hayo. Siku ya pili ya matanga tulikuwa tumekaa ndani, sisi vikongwe, kwenye mkeka, tukila wali wa maharage na kusemana. Mjukuu wa marehemu, msichana mmoja asiyetulia, akatupiga picha kwa simu. Chumba kilikuwa na giza, simu ikatoa mwanga. Akaitazama picha, akacheka: paka wa nyumba alikuwa amejilaza nyuma ya goti langu, na macho yake yalikuwa yametoka kama makaa mawili ya kijani. "Bibi, ngoja nimtoe ushetani huyu kabla sijaiweka kwenye grupu la ukoo," akasema, akagusa kioo mara mbili kwa kidole gumba. Macho yakazimika, yakawa macho ya paka. Nikamwambia arudie. Akanitazama kwa ile huruma wanayotuwekea wazee mbele ya simu, akarudia: yakawaka, yakazimika. Nikainuka nikaenda bafuni, nikalia mpaka wakaja kunigongea mlango. Wote walidhani namlilia Chausiku, nikawaacha wadhani hivyo. Kwa kweli nilikuwa naulilia mwaka mmoja wa ujana wangu, mwaka ambao kazi ile ile ya huyu mtoto, nikiifanya kwa wembe, ilinichukua siku tatu na nusura inichukulie maisha.

Ulikuwa mwaka ule watu wa mashambani walipokuwa wakihamishwa kwa malori kwenda kwenye vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka Nzega kuja kuwa mke wa Saidi, fundi wa karakana ya reli, katika nyumba ya mama yake pale Gongoni. Nilikuja na sanduku moja, jamvi moja, na paka ndani ya kikapu, kwa sababu Saidi aliniambia panya wa nyumba ile wanakula hata sabuni, na sabuni siku zile ilikuwa haionekani. Paka alikuwa mweusi tii, na siku ya kwanza tu alikagua kila pembe ya nyumba, jikoni, chini ya vitanda, nyuma ya mtungi, kwa namna ambayo Saidi alicheka akamwita Bwana Afya. Jina likamkaa. Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu, imejengwa na wazee wao waliokuja na misafara, na mama mkwe wangu, Bi Mwamvua, hakukosa kukukumbusha kwamba babu yake alikwenda pwani na kurudi mara sita kwa miguu. Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, kilikuwa studio ya shemeji yangu Hamisi, kaka mkubwa wa Saidi. Nyuma ya mteja palining'inia kitambaa kilichochorwa ngazi zisizokwenda popote na chungu cha maua. Nyuma ya studio kulikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha, kisha chumba chetu mimi na Saidi, kisha ukumbi, kisha uani: jiko, choo, na banda la mbuzi wa mama mkwe. Mkewe Hamisi alikuwa Urambo akilima tumbaku, akija mara mbili kwa mwaka na kuondoka akiwa amenuna.

Sikukuu ya Idi Hamisi alituingilia chumbani na kamera yake ya zamani, akasema filamu iliyomo ina nafasi chache zilizobaki, kaeni niwapige. Saidi akakaa kitandani akamweka Bwana Afya mapajani. Mimi nilikataa, nilikuwa sijavaa vizuri, nikasimama mlangoni nikiwacheka. Hamisi akafunga dirisha kwa ajili ya vumbi, akapachika balbu ya flashi, zile zilizokuwa zikiungua mara moja unatupa, akapiga. Chumba kikawa cheupe. Paka akaruka mpaka juu ya kabati. Wiki tano baadaye Saidi alirudi kutoka kazini anatetemeka, akalala Jumatatu, na Ijumaa tukamzika. Homa tu. Watu wengi walikufa kwa homa mwaka ule, na hakuna aliyetafuta sababu nyingine mpaka ile picha ilipotoka.

Nikaingia eda. Kwa asiyejua, mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi: hatoki, hajipambi, hajitii manukato, haonani na wanaume wanaoweza kumwoa. Sheria hiyo sikuipinga. Nilimpenda Saidi, na ningekaa ndani hata bila kuamriwa. Nilichokipinga moyoni ni kile chumba chenyewe. Kilikuwa na dirisha moja dogo lililotazama ukuta wa jirani. Kitanda ni kile kile, na shimo la mwili wake lilikuwa bado godoroni, nami nilikuwa nalala pembeni ili nisilifute. Kioo walikiondoa, kama desturi ya pale. Chakula aliniletea Chausiku, aliyekuwa na miaka kumi na minane na mdomo usiofungwa: ugali na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, ugali na uyoga, asubuhi matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na karanga na chai isiyo na sukari, yeye akikaa mlangoni na kunihadithia foleni ya duka la ushirika mtu kwa mtu. Akiondoka nilibaki kusikiliza. Nyumba ile nyembamba ilikuwa na kuta za udongo na dari moja ya miti iliyopita juu ya vyumba vyote, kwa hiyo kila neno lililosemwa ukumbini lilipanda, likasafiri, likanishukia kitandani.

Wiki ya tatu shemeji Hamisi alikuja akasimama nyuma ya pazia la mlango wangu. Akakohoa. "Shemeji, pole na upweke."

"Nimeshapoa, Shemeji."

"Nina kazi. Si kazi ya kutoka. Ni ya kukaa." Mkono wake ukapita chini ya pazia na sahani, ndani yake picha nne za watu za kubandika kwenye vyeti, brashi ya nywele tatu, na kichupa cha wino. "Macho yangu yameniacha. Nikishika brashi naona mbili. Wewe unatarizi mito, Saidi aliniambia. Hapo kwenye kila uso kuna vidoa vyeupe vya vumbi. Viue."

Nikaviua. Sitadanganya, ilikuwa furaha ya kwanza tangu mazishi. Akaniletea nyingine, kisha akaniletea negativu, yaani filamu yenyewe iliyokwisha kusafishwa, ambamo nyeupe huwa nyeusi na nyeusi huwa nyeupe. Kwenye negativu, alinifundisha kupitia pazia, doa linalong'aa mno huonekana kama kitone kizito cheusi, na ukikikwaruza polepole kwa ncha ya wembe, likitoka kwenye karatasi litakuwa jeusi. Ukizidisha umetoboa. Ukipunguza hujafanya kitu. Nikaisimamisha negativu dirishani, mbele ya ukuta wa jirani, nikabana pumzi na kukwaruza. Mwezi wa pili nilikuwa naingia hata chumba cha giza, yeye akitoka kwenda mbele ndipo mimi naingia, akipaza sauti nyuma ya mlango: hesabu hadi ishirini, toa, tia kwenye maji. Alikuwa mwalimu mzuri na mtu asiye na ubaya wa makusudi, hilo lazima niliseme, maana nitasema na mengine. Mwanamke asiyeruhusiwa kuiona sura yake mwenyewe nikawa nashinda nikitengeneza sura za Tabora nzima. Niliwapunguzia makarani mikunjo. Nilimzibia bibi harusi mmoja wa Kimoraviani kovu la shavuni.

Kazi nyingine iliyokuja ilikuwa ya macho ya wanyama. Hamisi alikuwa akichukuliwa kwenye Land Rover ya serikali kupiga picha za watu wakihamia vijijini, upande wa Isikizya na kwingineko, na mara nyingi walifika jua limeshazama, wakatumia flashi. Watu walitoka vizuri, wamesimama mbele ya nyumba mpya wameshika majembe. Nyuma yao, mbwa. Mbwa walioyafuata malori kwa miguu, wamekaa kwenye giza, na macho yao yametoboa picha kama misumari. Wakubwa waliotumiwa picha hizo hawakutaka macho hayo. "Wanasema yanatisha, yanaharibu furaha," Hamisi aliniambia. Ndipo nilipojifunza kwa nini yanawaka: jicho la mnyama anayeona gizani lina kitu ndani kinachorudisha mwanga, ukiutupa unakurudia. Nikawafumba mbwa wale mmoja mmoja. Nilijua wametembea kutoka wapi, maana Nzega kwetu pia malori yalikuwa yamefika, na nilikuwa nakaa nikijiuliza mbwa wa kaka yangu yuko picha ipi.

Filamu yenye ile picha ya Idi ilikaa ndani ya kamera ya zamani hadi mwezi wa tatu wa eda, kwa sababu filamu ilikuwa adimu na hakuna aliyeisafisha kabla haijaisha. Bi Mwamvua ndiye aliyeikumbuka. Alitaka picha ya mwanawe. Hamisi akaisafisha akampelekea ukumbini ikiwa bado na unyevu, na mimi kitandani nikasikia ukimya, kisha nikasikia kitu kama mtu anayevuta maji puani.

"Hamisi. Hiki ni nini?"

"Ni paka, Mama. Ni mwanga tu."

"Mwanga haukai machoni. Tazama mwanangu alivyokaa, hajui. Tazama hiki kilichomkalia mapajani."

Chausiku aliniletea picha ile mchana pamoja na ugali. Saidi alikuwa anacheka. Sikuwa nimemwona kwa miezi mitatu, na nikambusu kabla sijaangalia kitu kingine. Kisha nikaona kilichomtisha mama yake. Kwenye weusi wa manyoya, uliomezwa na weusi wa chumba, hapakuwa na paka kabisa. Palikuwa na macho mawili meupe, matupu, yakitazama mbele kutoka tumboni kwa mume wangu. Siku ile ile Bwana Afya alitiwa ndani ya gunia na mtu wa mkokoteni akapewa ampeleke ng'ambo ya reli. Nilimsikia akilia hadi kona ya barabara. Jioni mashoga wa mama mkwe walikaa ukumbini na kahawa, na maneno yakapanda darini yakanishukia. Paka alitoka wapi? Nzega. Nani alimleta? Kwenye kikapu, tena kimefunikwa. Mweusi? Mweusi hana hata doa.

Kwetu maneno hayo hayakuwa ya kupitishia kahawa. Niliwajua wanawake wawili, mmoja wa kijiji cha jirani na kwetu, waliotajwa kuwa wachawi hivyo hivyo, polepole, kwenye vibaraza, na mwisho wake ulikuwa panga. Nilikuwa naogopa, na woga ulinifanya nitende jambo la kijinga kwa ustadi mkubwa. Niliona kwamba ugomvi wote ni wa vitone viwili, na kuua vitone ndiyo kazi yangu. Nikamwomba Hamisi negativu. Siku tatu nilisimama dirishani na wembe. Macho ya mbwa nilikuwa nayafumba tu, yanakuwa meusi, basi. Haya sikutaka kuyafumba, nilitaka paka awe hai, awe na upole wake, ili mama amwone ni paka. Jicho la paka sikuwahi kulichora, na Bwana Afya hakuwepo nimtazame. Nilijua macho ya watu. Nikaitoa sandukuni picha ya harusi yetu, ambayo tangu mazishi sikuwa nimethubutu kuitazama, nikaiegemeza ukutani, na macho niliyoyaiga ni ya Saidi. Sikujiambia kwamba ndicho ninachofanya. Niliweka mboni ya mviringo, kope ya juu iliyolegea kidogo, na kitone cha mwanga upande wa kushoto, pale mwanga ulipomkalia siku ya harusi. Nikaingia chumba cha giza, nikatoa picha, na ilipokuwa inajitokeza kwenye maji chini ya taa nyekundu nikatabasamu kwa kuridhika. Hadi leo sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile.

Chausiku ndiye aliyempelekea mama yake. Safari hii hapakuwa na ukimya. Bi Mwamvua alipiga yowe moja, akaanguka, na majirani wakaingia. Nilisikia vikombe vikivunjika. Nilisikia maji yakiletwa. Kisha nikasikia sauti yake, imeshuka, anaongea kama mtu anayeeleza njia:

"Huyu ni Saidi. Mimi nimemzaa, nayajua macho yake. Mwanangu hajafa. Amemfanya msukule, amemtia ndani ya yule paka, na sisi tumemfunga kwenye gunia tukamtupa."

Msukule, kwa wasiokulia kwetu, ni mtu aliyechukuliwa na wachawi, watu wakazika mgomba wakidhani ni yeye, naye yuko mahali anatumikishwa. Mama yule aliamini kwamba mwanawe alilia ndani ya gunia hadi kona ya barabara na yeye hakumfungulia. Nilikaa kitandani nikashika mdomo wangu kwa mikono miwili. Nilitaka kutoka nikamwambie, Mama, ni mimi niliyemkumbuka, ni mkono wangu tu. Lakini ukumbini kulikuwa na wanaume, na mimi nilikuwa eda, na hata ningetoka, ningesema nini? Kwamba nimechora macho ya marehemu kwenye paka kwa mapenzi?

Siku zilizofuata Chausiku aliweka sahani mlangoni na kuondoka bila kunitazama, kwa amri. Mtu fulani alimwaga majivu kizingitini, kama wafanyavyo kwenye mlango wa mchawi. Na shemeji Hamisi akaja nyuma ya pazia, akakohoa.

"Shemeji, nimezungumza na kaka yako wa Nzega. Amehamishiwa kijijini, ana chumba kimoja na watoto sita. Maneno yamefika hata huko. Ukirudi, sijui."

Nikasogea karibu na pazia.

"Eda ikiisha, nikikurithi, utakuwa mke wangu. Hakuna atakayegusa mke wangu. Utakaa hapa hapa, chumba chako hiki hiki. Kazi utaendelea nayo."

"Na Mama?"

"Mama atazoea."

"Mwambie, Shemeji. Wewe unajua macho ya wanyama yanawaka. Una mbwa mia kwenye sanduku. Mwonyeshe."

"Mama haelewi mambo ya kamera," akasema, akaenda zake. Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu huyu angeweza kunitoa kwa dakika moja. Hakunisingizia, hakunichochea, alikaa kimya tu, kwa sababu ukimya ulimletea mke na macho mapya ya kufanyia kazi. Nililitazama lile dirisha na ule ukuta wa jirani nikajiona niko mbele yake nikiwa na miaka hamsini, nimeshika negativu. Kilichoweza kunitoa kilikuwa kimoja: neno la Bi Mwamvua, kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba sikumuua mwanawe. Bila neno hilo hapakuwa na kijiji ambacho ningeshuka kwenye basi nikalala salama.

Zilipobaki siku nne eda kuisha, Hamisi alisafiri na Land Rover. Alichukua kamera nzuri, akaacha ile ya zamani na balbu moja ya flashi kwenye droo. Mchana ule, saa ya kuwapa majani mbuzi, nyumba ilikuwa tupu, nikatoka uani. Bi Mwamvua alikuwa ndani ya banda. Lilikuwa banda la miti lililokandikwa, giza tupu hata saa nane. Alikuwa ameinama, amemkumbatia shingoni mbuzi wake wa kike mweupe, anampapasa, anamnong'oneza kwa Kinyamwezi maneno ambayo mama humwambia mtoto mgonjwa. Nikasimama. Moyo uliniuma kwa ajili yake, na nilipiga picha hivyo hivyo. Mwanga ulipolipuka aliinua uso.

"Nani? Nani hapo? Umenifanya nini?"

"Picha tu, Mama," nikasema, nikakimbilia ndani.

Niliisafisha mwenyewe, mlango nimeufunga kwa komeo, ukumbini naye akizunguka na kuita jina la Hamisi. Karatasi ikaelea majini. Kwanza yalikuja macho ya mbuzi: meupe, matupu, makubwa kuliko ya Bwana Afya. Nilicheka peke yangu kwenye giza lile. Kisha yakaja ya mwenye mbuzi. Hilo sikulitarajia. Alikuwa ameitazama kamera sawasawa kutoka gizani, na kwenye kila mboni yake palikuwa na weupe mdogo, wa wazi, usio na ubishi. Mwanamke mzee, macho yake mekundu kwa moshi wa miaka yote, amemkumbatia mnyama gizani, na wote wawili wanawaka. Kicheko kikanikatika. Nilikuwa nimekwenda kutafuta ushahidi wa kujiokoa, na nilichokishika kwa koleo kingeweza kumchinja mtu. Ningeiweka picha ile ukumbini siku ya kutoka eda, mbele ya wanawake wa Gongoni, nisingehitaji kusema neno. Wangemaliza wenyewe.

Nitasema ukweli, kwa kuwa Chausiku, ambaye angeona haya kwa niaba yangu, ameshakufa. Niliifikiria njia hiyo kuanzia alasiri hadi magharibi. Niliyakumbuka majivu ya kizingitini. Nilikumbuka gunia. Kisha nikafungua komeo, nikamfuata chumbani kwake, nikakaa chini mbele ya miguu yake.

"Shikamoo, Mama."

Nikaiweka picha mapajani mwake. Aliitazama muda mrefu. Aliisogeza karibu, akaiweka mbali. Kidole chake kikaenda kwenye macho ya mbuzi, kikaenda kwenye yake, kikakaa hapo.

"Huyu ni mimi."

"Ni wewe, Mama. Na huyo ni mbuzi wako. Hana neno, na wewe huna neno. Ni mwanga unarudi. Hata Bwana Afya ulikuwa mwanga unarudi."

"Na yale macho ya Saidi?"

"Niliyachora mimi. Nilimkumbuka. Sikuwa na macho mengine."

Akalia bila sauti, machozi yakimshuka hadi kidevuni, na mimi nikalia. Kwa kitambo tulikuwa wanawake wawili waliofiwa na mtu mmoja, jambo ambalo kwa miezi minne hakuna aliyetupa nafasi ya kuwa. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga, na nilipomwona ananitazama nikajua kwamba ameanza kufikiri.

"Nani ameiona?"

"Mimi na wewe."

"Wakiiona hii, wataniua."

"Hawataiona."

"Unataka nini?"

Ningeweza kusema sitaki kitu. Mara ngapi nimelala nikimjibu upya, Mama, sitaki kitu, nimekuja kukuonyesha tu. "Nataka neno lako," nilisema. "Mbele ya watu. Niende kwetu."

Siku ya kutoka eda waliniosha, wakanivika kanga mpya, wakanipa kioo, nikaona uso ambao nisingeacha upite bila kuurekebisha. Ukumbi ulijaa. Bi Mwamvua akasimama, akashika nguzo. Akasema Saidi amekufa kwa homa, kwa kudra ya Mungu. Akasema yeye alishikwa na uchungu akatamka asiyoyajua, na mwenye kuyarudia maneno yale amemtukana yeye. Akasema mkwe wake ni mwanawe, anarudi kwao leo, na asifuatwe na mtu, hata wa humu ndani. Hamisi, aliyekuwa amerudi jana yake, alisimama mlangoni mwa studio na miwani ya kuazima. "Na picha za watu, Mama?" aliuliza, kama mtoto.

Bi Mwamvua alinisindikiza mwenyewe hadi stendi, mkono wake mkavu umeshika wangu. Basi lilipowashwa alinivuta sikio. "Na ile filamu yake?"

"Nimeichoma, Mama."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Ilikuwa imeshonwa kwenye pindo la kanga niliyovaa. Nilijiambia naiweka endapo atageuka, nikaja kuichoma baada ya kuolewa mara ya pili, siku ambayo sikuiogopa tena Gongoni. Mama mkwe alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla. Chausiku alinihadithia mambo ya mwisho wa mama yake, akicheka, bila kujua anachonihadithia. Alisema tangu nilipoondoka mama aliwauza mbuzi wote. Alisema hakukubali tena kupigwa picha, hata ya kitambulisho. Na mgeni yeyote akibisha hodi na kusema ametoka Nzega, kabla ya kumkaribisha, kabla hata ya kuitika salamu, mama alikuwa akimuuliza mlangoni kama amebeba bahasha ya picha.